Mabadiliko Yasiyo na Mtenda: Sababu za Asili na za Kibinadamu katika Gharika za Jangwani

Istilahi "mabadiliko ya tabianchi" imeenea katika Kiswahili kwa muda mfupi. Husikika bungeni na darasani, husomwa magazetini, na wachuuzi wa soko la Kariakoo huitaja wanapoeleza kwa nini nyanya zimeadimika au kwa nini barabara ya Jangwani imefungwa. Sehemu yake ya mwisho si ngeni. Zamani ilisemwa "tabia ya nchi", kisha maneno hayo yakaunganishwa hata yakawa neno moja, ingawa wako wanaoyaandika mbalimbali hadi leo. Sehemu yake ya kwanza ndiyo yenye jambo la kuchunguzwa.

"Mabadiliko" ni jina litokanalo na kitenzi kubadilika, ambacho ni kauli ya kutendeka ya kubadili. Kauli hiyo, kama wajuavyo wanasarufi, hueleza hali iliyofikiwa na kitu bila ya kumtaja aliyekifikisha hapo. Kikombe kimevunjika, uzi umekatika, tabia ya nchi imebadilika. Lugha inalo neno la pili, "mabadilisho", litokanalo na kubadilisha, nalo lataka pawe na mtu wa kulitenda. Lakini si hilo lililochaguliwa. Hali ni hiyo hiyo katika "ongezeko" la joto, na katika "mafuriko" pia. Kufurika ni jamaa ya kufura, yaani kuvimba, na maji yaliyofurika husemwa kana kwamba yamevimba yenyewe.

Lakini gharika inapokwisha kupita mjini Dar es Salaam na lawama kuanza kugawanywa, huja majina ya namna nyingine: "mvamizi" wa bonde, "mchoma mkaa", "mtupa taka". Haya ni majina ya mtenda, na kila moja lina mtu ndani yake. Hivyo mizani ya maneno imelalia upande mmoja. Sababu kubwa zimesemwa kwa namna isiyo na mtenda. Sababu ndogo zimesemwa kwa namna yenye watenda wengi, na aghalabu ni maskini. Makala haya yanakusudia kuzipima sababu hizo moja moja, kwa historia ya mahali pamoja, yaani bonde la mto Msimbazi lipitalo chini ya Kariakoo, ili ionekane kila sababu ina uzito gani na nani aliye nyuma yake.

I. Pepo na bahari

Ni lazima kuanza na mambo ambayo mwanadamu hakuyafanya, kwa kuwa yapo, na kuyakana hakumsaidii mtu. Mvua za pwani huletwa na kuondolewa kwa mwendo wa pepo. Kaskazi huvuma tangu mwisho wa mwaka hata mwezi wa Machi. Kisha hugeuka, na katika kugeuka huko huja masika, mvua kubwa ya Machi hadi Mei. Kusi hushika kati ya mwaka. Nayo ikilegea huja vuli, mvua ya Oktoba hadi Desemba. Mabaharia na wakulima wa pwani waliyafuata haya kwa mwaka wa jua, ulioanza siku ya Nairuzi na kuhesabiwa kwa miongo, yaani siku kumi kumi. Hesabu hiyo yatosha kuonyesha kwamba watu wa pwani walizitazamia pepo kuwa na utaratibu, na ya kuwa mwaka uliovunja utaratibu ulijulikana.

Miaka iliyovunja utaratibu ni mingi tangu kabla ya viwanda vya mbali kuwa na nguvu juu ya anga. Mwezi wa Aprili mwaka 1872 tufani iliipiga Unguja na kuangusha sehemu kubwa ya mikarafuu yake, hata utajiri wa karafuu ukahamia Pemba. Aprili mwaka 1952 tufani nyingine iliupiga mji wa Lindi. Vuli ya mwaka 1961, mwaka ambao Tanganyika ilipata uhuru wake tarehe 9 Desemba, ilizidi kadiri katika Afrika ya Mashariki yote. Maji ya Ziwa Viktoria yalianza kupanda, na kufikia mwaka 1964 yalikuwa yamepanda zaidi ya mita 2. Vuli ya mwaka 1997 nayo ilizidi hivyo hivyo, na watu wakajifunza jina la El Nino.

Sababu ya vuli za namna hii ilielezwa kwa ukamilifu zaidi mwaka 1999, wakati N. H. Saji na wenzake waliokuwa wakifanya kazi Japani walipochapisha uchunguzi wao wa Bahari ya Hindi katika jarida la Nature. Kwa kawaida maji ya mashariki ya bahari hiyo, kuelekea Sumatra, huwa na joto kuliko ya upande wa Afrika, na mawingu hukusanyika huko. Katika miaka fulani mambo hupinduka: maji ya Sumatra hupoa, ya pwani ya Afrika hupata joto, na pepo za mashariki hubeba unyevu na kuushusha Afrika ya Mashariki. Mpinduko huo umepewa jina la dipoli ya Bahari ya Hindi. Ulitokea mwaka 1961 na mwaka 1997, ukatokea tena kwa nguvu mwaka 2019 na mwaka 2023. Pengine huandamana na El Nino ya Bahari ya Pasifiki, pengine huja peke yake.

Juu ya mizunguko hii mifupi iko mingine mirefu. Mhimili wa dunia na njia yake ya kulizunguka jua hugeuka polepole kwa maelfu ya miaka. Kwa sababu hiyo, kati ya miaka 11,000 na 5,000 hivi iliyopita, jua la kiangazi lilikuwa na nguvu zaidi upande wa kaskazini, mvua za Afrika zikasonga mbele, na Sahara ikawa na maziwa na malisho. Maziwa ya Afrika ya Mashariki nayo yalikuwa makubwa kuliko yalivyo leo. Milima ya moto hutenda kwa muda mfupi zaidi: mlima Pinatubo wa Ufilipino ulipolipuka mwaka 1991, vumbi lake lilipunguza joto la dunia kwa karibu nusu digrii, kisha athari ikatoweka baada ya miaka michache. Haya yote hayana mtenda wa kibinadamu, na kwa haya kauli ya kutendeka ni haki yake.

II. Moshi wa dunia

Sababu ya pili ni ya watu, lakini chanzo chake hakikuwa Dar es Salaam. Mwaka 1859 John Tyndall alionyesha London kwamba baadhi ya hewa zilizomo angani, miongoni mwazo hewa ya ukaa, huzuia joto lisitoke. Mwaka 1896 Svante Arrhenius wa Sweden alikadiria kwa hesabu jinsi dunia itakavyopata joto ikiwa hewa hiyo itaongezeka. Wakati huo Wadachi walikuwa wameufanya mji wa Dar es Salaam kuwa makao ya serikali yao kwa miaka 5 tu, tangu 1891. Kuanzia mwaka 1958 Charles Keeling aliipima hewa ya ukaa juu ya mlima Mauna Loa huko Hawaii, na upimaji huo unaendelea. Kabla ya zama za viwanda kiasi chake kilikuwa sehemu 280 hivi katika kila sehemu milioni za hewa. Sasa kimepita 420.

Swali la kwamba ongezeko hili huenda nalo ni la asili limekwisha kujibiwa kwa njia kadhaa. Kaboni itokayo katika makaa ya mawe na mafuta ina alama zake, nazo zimeonekana angani zikizidi. Nguvu ya jua, ambayo vyombo vya angani vimeipima tangu mwisho wa miaka ya 1970, haikuongezeka kwa namna inayoweza kueleza joto la sasa. Tena, kama jua ndilo lingekuwa sababu, tabaka la juu la anga lingepata joto pamoja na la chini. Lakini la chini limepata joto na la juu limepoa, kama itakiwavyo iwapo joto limezuiliwa chini na gesijoto. Ripoti ya jopo la kimataifa la wanasayansi wa tabianchi iliyotolewa mwaka 2021 ilisema ya kuwa katika miaka 2011 hadi 2020 dunia ilikuwa na joto la digrii 1.1 hivi zaidi ya miaka 1850 hadi 1900, na kwamba karibu joto hilo lote ni la mkono wa mwanadamu.

Sababu hii huifikia Jangwani kwa njia ya bahari na hewa. Hewa ikiongezeka joto kwa digrii 1 huweza kubeba mvuke zaidi kwa karibu asilimia 7, na Bahari ya Hindi, iliyo chemchemi ya mvua za pwani, imepata joto. Kwa hiyo mwanadamu hakuiumba dipoli, lakini ameipa maji zaidi ya kumwaga. Baada ya vuli ya mwaka 2023 wanasayansi waliochunguza mvua za Kenya, Somalia na Ethiopia walikadiria kwamba joto lililoletwa na watu liliziongezea nguvu hadi mara mbili, na kwamba dipoli nayo ilikuwa na mchango wa kadiri hiyo hiyo. Hapa sababu ya asili na ya kibinadamu hazikushindana, zilishikana.

Hata hivyo tahadhari ni lazima. Kimbunga Hidaya kilipoikaribia Mafia na pwani ya Tanzania Mei mwaka 2024, wengi walikitaja kuwa jambo lisilopata kutokea. Mwaka 1872 na mwaka 1952 hushuhudia kinyume. Kadhalika masika, kwa miaka mingi tangu miaka ya 1980, yalielekea kupungua katika sehemu kubwa ya Afrika ya Mashariki, ilhali mahesabu ya wataalamu yalitabiri kuongezeka. Hitilafu hiyo bado hujadiliwa. Anayeihusisha kila mvua na moshi wa viwanda huidhoofisha hoja iliyo ya kweli.

Na watenda ni nani? Sehemu kubwa ya hewa ya ukaa iliyolimbikizwa angani tangu zama za viwanda ilitoka Ulaya na Marekani, na katika miongo ya karibuni China imeongeza fungu kubwa. Fungu la Tanzania ni dogo mno. Mchoma mkaa wa Kisarawe hana nafasi kubwa katika hesabu hiyo, ingawa anayo nafasi katika hesabu ya tatu.

III. Mkono wa mji

Mvua haiwi gharika mpaka ikutane na ardhi. Msimbazi huanzia katika vilima vya upande wa Pugu na Kisarawe, hupokea vijito vingi, hupita kati ya Kariakoo na Magomeni katika uwanda mpana uitwao Jangwani, kisha huingia baharini penye daraja la Selander. Jina la Jangwani laonyesha kwamba palikuwa mahali patupu, na mto wenye mvua mbili kwa mwaka huhitaji mahali patupu pa kutanua maji yake.

Dar es Salaam ilianzwa na Sultani Majid bin Said wa Zanzibar katika miaka ya 1860, karibu na kijiji cha Mzizima, akaiacha haijakamilika alipokufa mwaka 1870. Wadachi waliugawa mji kwa aina za majengo, na Waingereza, walioutwaa Septemba 1916, waliuimarisha mgawo huo: Uzunguni penye upepo wa bahari, Uhindini katikati, na Waafrika upande wa bara, nyuma ya uwanja wa Mnazi Mmoja uliokusudiwa kuwatenga. Sehemu hiyo ya Waafrika, iliyopimwa mitaa katika ardhi iliyokuwa ya minazi, ilipata jina la Kariakoo kutokana na Carrier Corps, wapagazi wa jeshi la Waingereza waliowekwa hapo wakati wa vita. Mitaa ya Mchikichi na Mkunguni ingali na majina ya miti.

Nyumba za Kariakoo za wakati huo zilikuwa za fito na udongo, zenye vyumba vitatu kila upande wa ukumbi na ua nyuma. Ua ulikuwa na mchanga, na mchanga ulikunywa mvua. Jambo hili laonekana dogo, lakini lizidishwe kwa maelfu ya viwanja. Tangu miaka ya 1990 hasa, nyumba hizo zilivunjwa moja baada ya moja na majengo ya ghorofa nyingi yakashika kiwanja kizima hata ukingo wa barabara. Ua ulipotea na zege ikachukua nafasi yake. Maji yaliyokuwa yakizama ardhini yakawa hayana njia ila kuteremka Jangwani au Gerezani, kupitia mitaro ambayo mara nyingi imeziba kwa taka. Joto nalo liliongezeka kwa namna hiyo hiyo, maana zege hulihifadhi joto la mchana na kulitoa usiku. Soko lenyewe, lililobuniwa na Beda Amuli na kufunguliwa mwaka 1975, lilijengwa kwa fikira nyingine: paa lake la miavuli mikubwa ya zege lilitoa kivuli na kuacha upepo upite. Majengo mengi yaliyolizunguka baadaye hayakufuata mfano huo.

Mji uliongezeka kwa kasi. Hesabu ya mwaka 1967 ilipata watu 273,000 hivi. Ya mwaka 2002 ilipata milioni 2.5, ya mwaka 2022 ilipata milioni 5.4. Watu hawa walipika kwa mkaa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2010 ulionyesha jinsi misitu ilivyoharibiwa kwa mawimbi yaliyotoka Dar es Salaam kuelekea nje: mbele walitangulia wakata mbao za thamani, nyuma yao wakafuata wachoma mkaa. Misitu ya Pugu na Kazimzumbwi, iliyo karibu na vyanzo vya Msimbazi, ilikuwa miongoni mwa iliyokwisha kupungua. Mlima usio na miti hushusha maji upesi na udongo pamoja nayo. Udongo huo ukajaza kina cha mto pale Jangwani, na mto ukakosa mahali pa kupita.

Wenye mamlaka hawakuwa gizani. Ramani kuu ya mji ya mwaka 1979 ililiweka bonde la Msimbazi katika ardhi ya hatari isiyojengwa. Lakini viwanja vilivyopimwa vilikuwa vichache mno kuliko watu, na bondeni palikuwa karibu na soko. Mbeba mizigo wa Kariakoo aliyehitaji kufika kazini alfajiri kwa miguu hakuwa na uchaguzi mpana. Alinunua au kupanga alipoweza.

IV. Kuirudisha nafasi ya mtenda

Desemba mwaka 2011, katika siku moja, mji ulipata mvua ya zaidi ya milimita 150, ambayo Mamlaka ya Hali ya Hewa ilisema haijapata kuonekana tangu mwaka 1954. Watu zaidi ya 40 walikufa. Waliookolewa bondeni walipewa viwanja Mabwepande, mbali sana na soko, na baadhi yao walirudi. Desemba mwaka 2015 nyumba za bondeni zilianza kubomolewa, baada ya kuwekewa alama ya X nyekundu. Wakazi waliitwa wavamizi. Lakini mwaka 2016 mabasi ya mwendo kasi yalipoanza kazi, karakana yake ilikuwa pale pale Jangwani, ndani ya bonde, nayo ikagharikishwa mara kwa mara kama nyumba zilivyogharikishwa. Yeye aliyejenga kwa matofali machache aliitwa mvamizi; karakana haikupata jina hilo. Ramani ya mwaka 1979 haikuwa na ubaguzi wa namna hiyo.

Hesabu ya sababu tatu basi ni hii. Kwamba mvua nyingi zitakuja katika miaka fulani ni jambo la pepo na bahari; lilikuwapo mwaka 1961 na litakuwapo. Kwamba mvua hizo sasa zina maji zaidi kuliko ambavyo zingekuwa nayo ni jambo la moshi wa karne mbili, na wenye moshi huo wanajulikana kwa nchi na kwa kiasi. Kwamba maji hayo huua watu Jangwani ni jambo la ua uliofunikwa, mlima uliokatwa miti, mtaro uliozibwa, ramani isiyofuatwa na mgao wa ardhi uliowaacha wengi nje. Neno moja "mabadiliko" huzimeza sababu zote tatu. Zamani "kudura" ilitumiwa hivyo. Tofauti ni kwamba aliyesema kudura alimtaja Mungu, na anayesema mabadiliko hamtaji yeyote.

Istilahi iliyokwisha kuenea hairudishwi, na si kazi ya wanalugha kuirudisha. Kazi yao ni katika fasili. Fasili ya "mabadiliko ya tabianchi" inayoishia kusema kwamba ni kugeuka kwa joto na mvua kwa muda mrefu ni sahihi, lakini imeacha nusu ya maana. Itakamilika ikitenga yaliyobadilika na yaliyobadilishwa. Hali kadhalika "mvamizi wa bonde" yafaa litumike kwa kila aliyejenga bondeni au lisitumike kabisa.

Jambo hili si la kamusi tu. Mkutano wa Paris wa mwaka 2015 ulipokubali kwamba nchi maskini hupata hasara na uharibifu kwa sababu ya tabianchi, uamuzi wake uliongeza kwamba kukubali huko si msingi wa kudai dhima wala fidia. Mkutano wa Misri wa Novemba 2022 uliamua kuanzisha mfuko wa hasara na uharibifu, na watia fedha humo hutoa kwa hiari. Fidia hulipwa na aliyekosa. Msaada hutolewa na apendaye. Kiswahili kimefasiri maneno ya mikutano hiyo kwa uaminifu kuliko pengine ilivyokusudiwa, kwa kuwa "uharibifu" hautokani na kuharibika, watokana na kuharibu, na palipo na uharibifu pana mharibifu.

Mwaka huo huo wa 2022 uliidhinishwa mradi wa kulitengeneza bonde la Msimbazi: kuupanua mto, kuinua daraja la Jangwani na kuwahamisha wakazi kwa kuwalipa fidia. Katika jambo hili Serikali imelitumia neno lililo sahihi kwa watu wa bondeni. Lakini sehemu kubwa ya gharama ni mkopo wa Benki ya Dunia, na mkopo hulipwa na aliyekopa.